Kamera ya Lenzi Mbili

Jumamosi, 8 Machi

Mwanangu, niwie radhi. Daftari hili ulinipa siku niliyostaafu, ukaniomba niandike kila siku, nisije nikakaa barazani nikisahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu. Niliandika kurasa mbili, kisha nikanyamaza misimu kadhaa. Sina udhuru wa maana. Sikuugua wala sikusafiri. Nilikuwa barazani nikisahihisha magazeti.

Leo narudi kwa sababu mama yako anataka kamera, na jambo hili si dogo kama linavyosikika. Daftari nitakukabidhi ukishajifungua salama, si kabla, kwa hiyo nitaandika mambo kama yalivyo.

Kwamba macho ya mama yako yana presha, unajua. Kwamba la kushoto lilizimika mwaka jana, unajua pia. Usilolijua ni kwamba kiangazi kilipokuwa kinaisha daktari alituambia la kulia nalo linafuata njia hiyo hiyo, na kwamba matone yanachelewesha tu, hayarudishi. Mama yako alitoka pale akitangulia. Tulipita maduka yote ya barabara ya hospitali, tukafika kwa wauza mboga, ndipo akasimama.

"Nataka kumpiga picha mjukuu wangu," alisema. "Mimi, kwa mkono wangu. Picha moja tu. Baada ya hapo wazime taa zao wakitaka."

Kamera yake ya mwisho iliharibiwa na maji paa la chumba cha mbele lilipovuja. Wewe unatarajia kujifungua mvua zikielekea mwisho. Kwa hiyo kamera lazima ipatikane msimu huu. Fedha ipo, sitaizungumzia tena.

Leo tulikwenda kwenye duka la vifaa vya picha. Mwenyewe wanamwita Betri, kwa kuwa maneno yake hayaishi chaji. Ni mtu mzima, ana kitambi na ana adabu.

"Shikamoo mama. Shikamoo Mwalimu. Karibuni, mmekuja na mvua yenu."

"Marahaba," alisema mama yako. "Nipe kamera ya wanaoanza."

"Ya nani, mama? Ya mtoto wa shule?"

"Ya kwangu. Nimeifanya kazi hii tangu wewe unanyonya. Sasa naanza."

Betri alicheka mpaka kitambi kikatikisika. Akatoa maboksi mawili: moja lina mstari mwekundu, jingine lina mstari wa njano. Kampuni ni tofauti, lakini vilivyomo havipishani sana: kamera moja na lenzi mbili. Lenzi fupi ni ya karibu, ya watu waliomo chumbani. Lenzi ndefu huvuta cha mbali kikaja mlangoni.

"Na betri yake inakaa masaa mengi," alisema Betri.

"Saa nyingi," nilisema.

"Hata hizo, Mwalimu, inakaa."

Mama yako hakutusikiliza. Alikwenda na kamera mpaka mlangoni, akaweka jicho la kulia kwenye kitundu cha kuchungulia, akaielekeza ng'ambo ya barabara kwenye kibao cha fundi cherehani. Hivyo ndivyo alivyopima kila kamera aliyowahi kuinunua. Mtu, husema, anaweza kukutabasamia ukadhani picha ni nzuri. Herufi haimtabasamii yeyote.

"Fundi Cherehani," alisoma. "Sare za Shule. Suti. Marekebisho." Akasoma na namba ya simu iliyo chini kwa herufi ndogo. Mimi mwenye miwani mipya sikuiona namba hiyo.

Nilidhani tungenunua. Akarudisha kamera kwenye boksi, akasema tutakuja Jumamosi ijayo.

Jumapili, 9 Machi

Mvua kutwa.

Jumatano, 12 Machi

Mama yako amemimina chai pembeni ya kikombe. Nikamwambia aangalie anachokifanya. Akasema alikuwa anaangalia.

Paa la chumba cha mbele linavuja tena, mahali pale pale. Nimeweka ndoo chini ya picha za wateja wake wa zamani. Ukutani mle wamo watu wa mtaa mzima, wengine wakiwa na meno ambayo sasa hawanayo. Yeye mwenyewe hayumo. Sikuwahi kulifikiria hilo kabla ya kushika ndoo.

Jumamosi, 15 Machi

Betri aliitoa ile ya mstari mwekundu, akaifunga lenzi fupi. Mama yako alimwelekezea mke wa muuza viatu aliyekuwa amejikinga mvua mlangoni.

"Kidevu chini," alimwambia. "Macho kwangu."

Unayakumbuka maneno hayo. Nusu ya mji huu imeambiwa hivyo katika chumba chetu cha mbele. Yule mama akashusha kidevu kama mwanafunzi.

"Hii inakata pembeni," alisema mama yako.

"Haikati, mama."

"Namwona yeye. Mlango siuoni."

Ile ya njano nayo, kwa maelezo yake, inakata pembeni. Betri alipiga picha kwa zote mbili, akatuonyesha kwenye kioo cha nyuma: mwanamke, mlango, ndoo, hata mguu wangu na mwavuli. Hakuna kilichokatwa. Mama yako akasema siku hizi viwanda vinafanya kazi ya haraka haraka, na Betri akajitetea kana kwamba kiwanda ni cha baba yake.

Njiani nilimwambia amekuwa mgumu kupendezwa. Alinishika mkono, na mimi nikadhani ni kwa sababu ya utelezi.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Gazeti halikuja.

Alhamisi, 20 Machi

Hospitali. Daktari ni mwanamke kijana, mpole, anayesema polepole. Alimwambia mama yako atazame pua yake, kisha akaisogeza kalamu kutoka pembeni. Kalamu ilipita sikio, ikapita nyusi, ikafika karibu kabisa na pua ya daktari, ndipo mama yako aliposema, "Naiona."

"Ni kama mama anatazama kupitia mrija," daktari aliniambia. "Kilichoko katikati anakiona vizuri. Pembeni hakuna kitu. Na huo mrija unazidi kuwa mwembamba."

Nikauliza kuhusu upasuaji. Alisema muda wake umepita.

Nje tulisimama chini ya paa la bati tukingoja mvua ipungue. Mama yako ndiye aliyezungumza kwanza.

"Kwa hiyo si kamera za Betri."

"La."

"Maskini. Na nilivyomsema." Akapangusa uso kwa kanga. "Nitamwomba radhi."

Mtu huyu nimeishi naye tangu nikiwa na nywele nyeusi. Nimemwona akimfokea mteja aliyefumba macho, na nimemwona akilia kwa ajili ya kuku. Sikuwahi kumwona akiwa mpole namna hiyo, na upole huo ulinitisha kuliko maneno ya daktari.

Jumamosi, 22 Machi

Amemwomba Betri radhi. Betri aliona haya mpaka akatuletea viti viwili na kikombe cha chai, kisha akakumbuka tuko wawili akaenda kuleta cha pili.

Alijaribu pia kutuuzia kamera ya namna nyingine.

"Mama, hizi zenye kioo ndani zinaondoka sokoni. Chukua hii isiyo na kioo. Nyepesi, na picha unaiona kabla hujaipiga."

Mama yako alichungulia. "Hii ni televisheni."

"Ni teknolojia, mama."

"Nzuri. Lakini humu naonyeshwa mtu kwa umeme. Ile ya zamani, kioo kinaniletea mwanga wenyewe uliomgusa usoni. Nikimtazama mjukuu wangu nataka nimwone yeye, sio habari zake."

Betri akairudisha ile televisheni kabatini bila kubishana. Hilo peke yake lilistahili kuandikwa.

Kibao alikisoma chote kwa lenzi ndefu. Namba ya simu aliiacha.

Jumamosi, 29 Machi

Barabara imejaa maji, hatukwenda. Tumegombana.

Nilimwambia kamera ni mbili tu, na mwenye akili timamu huchagua kimoja kati ya viwili. Akasema ile nyekundu ni nyepesi lakini mlio wake ukibonyeza ni hafifu, kama mtu anayeomba ruhusa. Ile ya njano ina mlio wa haki, ila pete ya kuzungushia lenzi ndefu ni ngumu. Nikamwambia mtoto hazaliwi kwa kufuata pete. Akaniambia nirudi kwenye magazeti yangu.

Nilirudi. Kosa moja ukurasa wa mbele, mawili ukurasa wa michezo.

Jumanne, 1 Aprili

Amejigonga kwenye kizingiti cha jikoni. Nimeviondoa viti vyote vilivyokuwa vinakaa njiani. Alipopita mahali pa kile kiti cha kwanza alinyoosha mkono kukitafuta, akakuta hewa, akasimama kidogo kabla ya kuendelea.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumekwenda. Mvua ilikuwa nyembamba. Betri alikuwa amekwisha kuitoa ile ya njano na kuifunga lenzi ndefu. Pete ameizungusha wiki nzima, alisema, ili ilegee.

Mama yako alisimama mlangoni muda mrefu.

"Kuna ukungu kwenye kioo."

Nilipangusa kitundu kwa leso yangu. Akatazama tena.

"Fundi," alisema. Akanyamaza. "Cherehani. Sare." Kisha yaliyobaki yakatoka yote kwa mara moja, bila kituo: "Za Shule Suti Marekebisho."

Nimefundisha watoto kusoma maisha yangu yote. Mtoto anayesoma namjua, na anayekariri namjua. Anayesoma hujikwaa popote. Anayekariri hujikwaa mwanzoni, kisha hutiririka.

"Vizuri," nilisema.

Mwanangu, neno hilo sikuwahi kumwambia mtoto aliyekariri.

Jumatatu, 7 Aprili

Umepiga simu. Umemwuliza mama yako habari za macho, akakwambia yapo, yanamtazama Mwalimu akizeeka. Ulicheka. Ukasema miguu inavimba na mtoto anapiga teke upande mmoja tu. Akakushauri ulalie upande wa pili, na usinyanyue ndoo. Alipokata simu aliniuliza kama barabara ya kuja kwako bado imefungwa. Nikasema bado, daraja limezidiwa na maji.

"Basi na asiharakishe," alisema. Sikujua kama alimaanisha mtoto au daraja.

Jumamosi, 12 Aprili

Hatukwenda, mvua ilianza alfajiri na haikupumzika.

Baada ya chakula cha mchana nilimkosa jikoni na chumbani. Nilimkuta katika chumba cha mbele, amesimama mbele ya kile kigoda cha wateja. Mikono ameiinua usoni, vidole vimekunjwa kama vinavyoshika kamera, kiwiko kimebana mbavu. Hakukuwa na kamera. Hakukuwa na mteja. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo.

"Kidevu chini," alikuwa anasema kwa sauti ya kazi. "Kidogo tena. Macho kwangu."

Nilirudi nyuma taratibu, na nilipofika barazani nikakaa bila kufungua gazeti. Msimu mzima nimekuwa nikimhesabia kosa la kutoamua. Sasa nafikiri hakushindwa kuchagua hata siku moja. Mtu anayechagua kamera bado ni mpiga picha. Akishainunua, italazimika kuinuliwa na kutazamwa ndani, na kitu fulani kitajulikana.

Sitamharakisha tena.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Nimemsomea maelezo yote yaliyoandikwa kwenye boksi la kamera, ambalo Betri alituazima. Tafsiri yake ni mbovu kupita kiasi, lakini nimesoma kama ilivyo. Alipenda hasa pale paliposema kamera isipewe mtoto kula.

Jumamosi, 19 Aprili

Kulikuwa na jua asubuhi, la kwanza baada ya siku nyingi, na barabara iling'aa mpaka macho yakaniuma mimi mwenye macho. Mama yako alivaa gauni la kijani. Njia nzima alinishika mkono na kutazama miguu yake. Alikuwa mchangamfu.

"Leo nanunua," alisema. "Nikikisoma kile kibao hata nusu, nanunua ya njano, tunakwenda nayo nyumbani, na wewe unabeba boksi."

"Nitabeba."

Tulipofika karibu na duka niliinua uso. Fundi cherehani alikuwa amehama. Mlango wake ulikuwa umepakwa rangi upya, na juu yake kilikaa kibao kipya cha buluu chenye herufi nyeupe kubwa kama sahani: MAJI SAFI YA KUNYWA. Niliona, nikafikiri tu kwamba itamfurahisha, kwa kuwa herufi kubwa hazitamsumbua. Sikusema kitu. Nilitaka afurahi mwenyewe.

Betri alimpa kamera mkononi. Akasimama mlangoni, akabana kiwiko, akaweka jicho la kulia kwenye kitundu. Alizungusha pete kushoto, akaizungusha kulia, mpaka aliporidhika.

"Fundi Cherehani," alisoma, wazi, kwa kituo. "Sare za Shule. Suti. Marekebisho."

Akabonyeza. Mlio ulikuwa mkubwa, wa haki, kama alivyosema.

"Hii imetulia," alisema akiwa bado amechungulia. "Herufi zimesimama kama askari. Au siyo, Mwalimu?"

Betri alikuwa ameufungua mdomo. Alinitazama mimi, akatazama ng'ambo ya barabara, akaufunga.

"Ndiyo," nilisema.

Mama yako hakugeuka mara moja. Aliishusha kamera taratibu, akapapasa meza mpaka akapata kifuniko cha lenzi, akakifunga.

"Betri yake," alisema Betri, "inakaa saa nyingi, mama."

Alitamka sawasawa. Ningetoa chochote akosee.

"Tutafikiri," alisema mama yako. "Twende nyumbani, Mwalimu."

Jumapili, 20 Aprili

Mvua imerudi.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo ni Jumamosi. Hakuna aliyetaja duka. Alichambua mchele kwa vidole na kunipa niukague. Sikukuta hata jiwe moja.

Jumatano, 30 Aprili

Umejifungua. Mtoto wa kike, mzima, na wewe mzima. Mumeo alipiga simu asubuhi, sauti ikimkatika, nami nikamwambia apumue. Mama yako alikaa chini sakafuni pale alipokuwa, akasema asante mara nyingi, kwa Mungu na kwa mkwe wetu bila mpangilio.

Kisha picha ikaja kwenye simu.

Aliichukua. Akaisogeza mpaka ikagusa pua, akaishusha, akaipandisha, akaipeleka kulia na kushoto. Aligeuka akaelekea dirishani, akajaribu huko. Nilisimama tu nikiwa nimeshika taulo.

"Naona mwanga," alisema. "Najua pana kitu cha mwanga." Akaninyooshea simu. "Niambie."

Nilianza vizuri, nadhani. Nikasema ngozi ni nyekundu nyekundu, pua ni ndogo, nywele ni nyingi, amefungwa shuka jeupe.

"Unasoma orodha ya sokoni," alisema. "Mwanga unatoka wapi?"

"Dirishani."

"Upande gani wa mtoto?"

"Kushoto kwake."

"Basi shavu la kulia lina kivuli."

Nikatazama. Sikuwa nimekiona. "Lina kivuli."

"Kinaishia wapi?"

"Kwenye kona ya mdomo."

"Mdomo umefungwa?"

"Umefunguka kidogo. Kama anayetaka kuuliza kitu."

"Mama yake alizaliwa hivyo hivyo," alisema. "Endelea. Usikimbie."

Niliendelea. Niliutazama uso wa mtoto huyo kipande kwa kipande, kama nisivyowahi kutazama kitu chochote, na kila nilipofika mwisho akaniuliza jambo nililoliruka: nyusi, ukucha wa kidole gumba, mkunjo wa shuka chini ya kidevu. Chai ilipoa. Alifumba macho yote mawili ili asikilize vizuri. Machozi yalimtoka chini ya kope, lakini sauti yake ilikuwa ile ya kazi, mpaka mwisho.

Jumamosi, 3 Mei

Manyunyu tu. Tulikuwa barazani.

"Kile kibao kinasema nini siku hizi?" aliuliza.

"Kibao gani?"

"Mwalimu. Usinifanye mtoto."

Nilikunja gazeti. "Maji Safi ya Kunywa."

Akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kwa mabega, halafu akashika mbavu. "Nimewasomea sare za shule kwenye duka la maji! Na suti! Na marekebisho!" Nami nikacheka, kwa sababu hakuna awezaye kumsikia mama yako akicheka asicheke. Tulicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Kisha nikagundua kwamba mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nacheka.

Nilimshika mkono. Baadaye nikamwuliza alijuaje.

"Betri alinyamaza," alisema. "Betri hanyamazi. Lakini Betri ningemsamehe. Wewe ulisema 'ndiyo'." Akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Tangu umenioa umenisahihisha chumvi, umenisahihisha saa, umenisahihisha njia ya kwenda kwa dada yangu mwenyewe. Siku hiyo nimekosea kibao kizima mbele za watu, na wewe unasema 'ndiyo'. Hapo ndipo nilipojua imekwisha."

Nililisukuma gazeti pembeni.

"Ningekwambia?" nilimwuliza.

"Sijui," alisema. "Ningekuchukia. Lakini ningekuamini."

Jumanne, 6 Mei

Wamesema redioni daraja liko salama, ila barabara bado ni tope.

Jumamosi, 10 Mei

"Vaa viatu," aliniambia asubuhi. "Twende dukani."

"Kufanya nini?"

"Kuchagua kamera. Unadhani nani atampiga picha mjukuu wangu? Betri?"

Nilimweleza kwamba sijawahi kushika kamera. Kwamba katika nyumba hii kazi ziligawanywa zamani, yangu ikiwa maneno. Akasema maneno nimeshayamaliza, nivae viatu.

Betri alitupokea bila kelele. Akazipanga zote mbili mezani na lenzi zake, kisha akajitenga kwenye kona akijifanya anahesabu betri.

Niliishika ile nyekundu.

"Ameishikaje?" mama yako alimwuliza Betri.

"Kama panya aliyekufa, mama."

Akaja, akaipapasa mikono yangu, akavipanga vidole kimoja kimoja. Kiwiko akakibana mbavuni kwa ngumi. "Hapo. Haikuumi." Kisha akapapasa mpaka kwenye kiti cha Betri, akaketi, akalinyoosha gauni, akaweka mikono magotini. Nilifunga lenzi fupi kwa msaada wa Betri, nikachungulia.

Mwanangu, nimemtazama mama yako kila siku ya ndoa yetu, na sikuwahi kumwona akiwa amekaa upande ule. Ana mkunjo mmoja kati ya nyusi nilioudhani ni wa hasira. Ni wa jicho la mtu aliyechungulia maisha yake yote. Alikuwa anatabasamu, tayari, na macho yake yalikuwa yanatazama mahali fulani karibu na bega langu, ambapo hapakuwa na mtu.

Kidole kilikataa.

"Unangoja nini?"

"Hutazami hapa," nilisema.

"Basi sema. Au hayo maneno nayo yamekwisha?"

Betri akanigeuzia mgongo.

"Kidevu chini," nilisema. "Macho kwangu."

Aligeuza uso taratibu, akiifuata sauti, mpaka macho yale mawili yakaja yakatua katikati ya lenzi, yakakaa. Nikabonyeza.

"Ikoje?" aliuliza.

Picha ilikuwa kwenye kioo cha nyuma. Nilimwambia ukweli. "Imepinda kuelekea kushoto. Kidevu bado kiko juu. Nimekata sikio."

"Vizuri," alisema, na nilimsikia akipumua. "Sasa wewe ndiye unayeanza."

Jumapili, 11 Mei

Hakuna mvua. Ndoo ya chumba cha mbele ni kavu.

Hatukununua jana, na usije ukadhani ni ubahili wangu au ukaidi wake. Ile nyekundu ni nyepesi, inafaa mikono yangu. Ile ya njano ni nzito, pete bado ni ngumu, lakini kila nilipobonyeza mama yako aliinua kichwa. Mlio wake anausikia hata akiwa upande wa pili wa duka. Mimi nataka ya njano. Nataka ajue picha ya mtoto inapopigwa, kila inapopigwa. Nilidhani atafurahi.

"Usinichagulie," aliniambia jana tulipokuwa njiani. "Mlio ule ulikuwa unatoka mkononi mwangu. Sijui kama naweza kukaa chumba kimoja na mjukuu wangu niusikie ukitoka kwa mtu mwingine, hata kama mtu mwingine ni wewe. Labda nitaweza. Labda ile inayoomba ruhusa ndiyo itakayonifaa. Niache nifikiri."

Nimemwacha. Leo asubuhi alikuwa katika chumba cha mbele, ameketi juu ya kile kigoda cha wateja, mikono magotini, uso umeelekea mlangoni. Nilipopita aliniita na kuniuliza tope la barabara yako linachukua muda gani kukauka. Nikasema sijui.

Likikauka tutakuja, na kamera au bila kamera. Na mama yako akishaamua kama anataka kuusikia mlio ule, nitauandika uamuzi wake hapa chini, hata kama ni mstari mmoja, na sitausahihisha.